Mwalimu Ernest Chilongani (1951–2025) na Maswali Yake kwa Wageni

Marehemu Mwalimu Ernest Chilongani alizaliwa hapa Zuzu tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mzee Bartolomayo na mama Loisi. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Yotham, mdogo wake wa mwisho.

Ualimu alisomea Mpwapwa, na kuanzia 1974 hadi 2011 alifundisha historia Mlali. Siku moja alikuwa akilieleza darasa jinsi babu yetu alivyochukuliwa na Wajerumani mwaka 1916 kubeba mizigo ya vita, asirudi tena. Mwanafunzi mmoja akauliza kama watoto wa huko Ujerumani nao wanafundishwa hivyo. Marehemu alikiri kwamba hajui. Tangu hapo hakutulia.

Mwaka 1977 alifunga ndoa na Paulina, wakajaliwa watoto wanne. Shemeji anasema hata mgeni aliyepita kuomba maji aliulizwa kwanza kwao wanafundishwa nini.

Alipostaafu alirudi Zuzu na maswali yake. Mhandisi Mturuki wa reli aliulizwa watoto wa kwao hufundishwaje vita walivyoshindwa. Barua nazo zikaenda Ujerumani. Wakati huo viwanja vilikuwa vinapimwa na kuuzwa kila kona, na watu wakanong'ona: mstaafu ana shida gani na wageni? Wengine walisema ni mtu wa usalama. Mimi nilisema anauza mashamba ya ukoo. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, nikawa simwondolei macho.

Mei 2022 barua ya kutoka Ujerumani ilifika kwenye sanduku la posta la kanisa, ambalo ufunguo ninao mimi. Niliificha ili nije kumuumbua mbele ya ukoo. Kiingereza sikijui, na wa kunisomea sikumwamini. Kila Jumapili baada ya ibada aliniuliza, "Mdogo wangu, hamna barua?"

"Hamna, kaka."

Januari mwaka huu alipata kiharusi, akapoteza usemi. Alifariki nyumbani tarehe 9 Agosti, saa kumi alasiri.

Juzi hapa msibani nilimpa binti yake Angelina ile barua, akaisoma mbele ya wazee. Ndani yake hamkuwa na habari ya shamba. Mwalimu wa kule aliandika: "Hapana, babu yako hayumo katika vitabu vyetu. Nimewasomea wanafunzi barua yako. Wanaomba somo hilo uwafundishe wewe, kwa simu, siku yoyote utakayopenda. Tunakusubiri."

Nimeona aibu ambayo sina pa kuipeleka.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na mimi. Mungu ampokee mwalimu wetu, ampe pumziko jema.

Kaka, barua ilikuja.