Wasifu wa Marehemu Divisheni ya Verkholsk, Aliyezikwa Pamoja na Bendera Yake

Baba Varfolomey, Bwana Kanali Rostislav Germanovich, ndugu askari wenzangu, na ninyi akina mama wa Staraya Gorka mliotuletea ngano ya kuchemsha na asali, na kujionea kwa macho yenu kwamba kweli amekufa, mimi ni Nikanor Zabelin, sajinimeja wa kikosi cha tatu, nimeteuliwa na familia kuwasomea historia ya mzee wetu, Divisheni ya Askari wa Miguu ya Verkholsk, na nitajitahidi kuwa na huzuni, ingawa treni ya kwetu imekwisha kuwashwa moto pale stesheni.

Marehemu alizaliwa mjini Verkholsk tarehe 13 Agosti 1863, baba yake akiwa amri ya wizara ya vita na mama yake vikosi vya akiba, na elimu yake aliipata katika kambi ya kiangazi kando ya mto, ambako, kwa kuwa wengi wetu tulitoka mashambani bila kujua kushoto wala kulia, tulifungwa nyasi kavu mguu huu na mabua ya ngano mguu ule, tukaamrishwa, "Nyasi! Mabua! Nyasi! Mabua!" mpaka tukahitimu, na wako hapa waliohitimu kwa mbinde ambao sitawataja, ila Prokhor anajijua.

Kazi yake ilikuwa moja tu, akaifanya mwaka 1877 kwa Waturuki katika theluji ya milima ya Balkani, mwaka 1904 huko Manchuria alikopigwa akarudi na chai nzuri, na tangu Julai 1914 huko Galisia, ambako hakupumzika tena. Mwaka 1873 alifunga ndoa na Brigedi ya Mizinga, mama mwenye sauti, wakaishi kwa kuelewana, isipokuwa mwaka 1915 mama aliponyamaza kwa kukosa makombora, nasi tuliokuwa mahandakini tukajifunza thamani ya mke msemaji.

Walijaliwa watoto wanne, yaani vikosi vinne, kila mmoja na bendera yake yenye sura ya Mwokozi, na hapa naomba utulivu, kwani ndipo ulipo ugonjwa wa familia hii. Kanuni ni kwamba kikosi kilichopoteza bendera kinafutwa, lakini bendera ikiokoka, hata watu wakiisha wote, kikosi kinahesabiwa kuwa hai na kinajazwa watu wengine. Kikosi changu kiliangamia kwenye vinamasi tarehe 17 Agosti 1914, tukatoka watu wa kula sufuria moja, miongoni mwetu Yefim Kharlov, mshika bendera, akiwa amejizungushia bendera kifuani chini ya shati, akavishwa msalaba wa ushujaa, tukamshangilia, na kabla majani hayajaisha mitini wakaletwa watu wapya elfu tatu kujaza nafasi za waliokufa, mmoja wao Senya, mdogo wake Yefim wa tumbo moja, ambaye Krismasi hakuiona. Yefim hajauvaa tena ule msalaba.

Marehemu alianza kuugua Machi 1917, mapinduzi yalipozuka, kwa homa ya mikutano ya askari, akapungua mwili, wengine wakimtoka usiku bila kuaga, akakata roho tarehe 2 Februari mwaka huu 1918, ambayo kwa kalenda mpya ya serikali ni tarehe 15, kila mfiwa achague aipendayo, na bendera tatu zikapelekwa makumbusho, ikabaki ya kwetu, mikononi mwa Yefim.

Juzi Kanali alikuja kuichukua, na ameniruhusu mwenyewe kuyasema haya.

"Yefim, ndugu yangu, nipe niende nayo kusini, maofisa wanakusanyika huko kupigana na serikali mpya. Ikiwapo hiyo, kikosi hakijafa."

"Ndiyo maana sikupi, Bwana Kanali."

"Wewe! Wewe uliyeibeba kifuani?"

"Niliokoa kitambaa nikamzika Senya. Mwanao Mitya ana miaka mingapi sasa?"

"Anatimiza kumi na saba mwezi wa nne."

"Basi wa kwanza wa kukijaza tumeshampata."

Kanali alikaa juu ya sanduku la risasi, nasi tulisimama tukiogopa kuliko tulivyoogopa mizinga, kwa sababu neno lake moja lingeturudisha sote vitani, kisha akavua glavu, akaibusu bendera, akaikunja kwa mikono yake mwenyewe, akamkabidhi Baba Varfolomey, na ndiyo hiyo iliyomo ndani ya jeneza hili dogo mnaloliona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa treni ya hospitali, waliotushona tukashonekana, inawashukuru wapishi, farasi, na majirani zetu Waaustria wa ng'ambo ya bonde, waliotuletea tumbaku siku ya Pasaka wakati sisi hatukuwa na cha kuwapa ila mayai, na inamshukuru Kanali, anayesafiri nasi leo kwenda kwa Mitya.

Mzee wetu, ulitulisha, ulitutandika, ulituzika, na hatuna kinyongo nawe. Lala kwa amani, na tafadhali, kwa ajili ya watoto wetu, usiamke.