Sauti ya Kyule

Basi la Namanga lilipotoka Kitengela, Soipan alifumba macho akajifanya amelala, lakini masikio aliyaacha wazi. Kiti cha mbele, mama wa mtaa wa Noonkopir aliyejiita Mbeke alikuwa akimwonyesha jirani yake, fundi wa kompyuta, kipande cha chuma kilichong'aa kama sufuria ya wageni.

"Nilikitoa kwa kompyuta nikakisugua na majivu," akasema. "Kilikuwa na vumbi mingi. Sasa kishikio kimevunjika, nampelekea welda wa Kajiado akichomelee."

Fundi akashika kichwa. "Mama, hii ndiyo inaondoa joto. Kompyuta yenyewe umezima?"

"Mchana nazima. Jioni nawasha kidogo. Kyule, mwanangu, aliacha sauti yake humo akienda Kanada. Anasema, 'Mwaitu, mama yangu, nitakuja Desemba.' Akimaliza tu, inajizima."

"Inajizima kwa sababu inakaangika. Siku moja itaungua, na hiyo sauti hutaisikia tena."

"Imevumilia miezi miwili bila hicho chuma."

Hakusema ni Desemba ngapi zimepita. Soipan, ambaye simu yake haikuwa imelia tangu Jumapili, hakutaka kuhesabu.

Fundi akalainika. "Basi niletee yote dukani. Nitakuwekea chuma ingine, bure. Uniachie siku nne tu."

Mbeke akakifunga chuma chake ndani ya leso, polepole. "Na hizo jioni nne, kijana wangu, nani ataniita mwaitu?"

Basi likasimama Kajiado. Soipan akafungua mdomo kusema kitu, kisha akakumbuka kwamba alikuwa amelala.