Uji wa Katakuri

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Tomie, niinulie mto. Shigeru, kaa, mbona umesimama mlangoni kama mgeni?

Uji huu si wa unga wa dukani. Nimeujua kwa ulimi. Umepanda mteremkoni theluji haijaisha, ukachimba matunguu ya ua la katakuri, ukayaponda na kuyachuja kama bibi yenu alivyowafanyia wagonjwa wa nyumba hii. Umeyatoa wapi, Shigeru mwanangu?

“Chini ya mwaloni mkubwa, mama. Ndiko theluji imeyeyuka.”

Ole wangu.

Tomie, acha kumsimanga kaka yako, hakujua. Baba yenu hakutaka jina lile litajwe humu ndani, nami nikalificha. Kabla yenu nilimzaa Sayo. Kiangazi kimoja alijaza kiganja mbegu za katakuri, akazifukia pale, akawa ananisumbua kila asubuhi, “Mama, yamechanua?” Nikamwambia, we mtoto, ua hilo hutoa jani moja tu kila mwaka, hata mtoto mchanga ataanza shule kabla halijachanua. Majira ya baridi homa ikamchukua. Baba yenu akafyeka mianzi mifupi pale kila vuli, jua lifike chini, mpaka mteremko ukageuka zambarau kwa maua. Alifyeka tu, na kila mwaka nilikwenda kuyatazama nikalia nikashiba.

Basi sikilizeni. Nyumba ni ya Tomie. Mteremko ni wa Shigeru, na Tomie usinune, wewe ungewauzia wakata mbao kabla siku arobaini na tisa za matanga yangu hazijaisha. Shigeru, kila vuli ufyeke, hata mgongo ukikuuma. Mianzi ikiachwa itayafunika yote.

Matunguu yaliyobaki jikoni usiyaponde. Yarudishe leo hii, uyazike kina cha mkono mpaka kiwiko. Usitegemee maua mwakani. Wewe fyeka tu.

Msigombane nikiondoka. Mpate afya, mpate watoto watakaowazika ninyi, si ninyi kuwazika wao... Ngoja, nipumue.

Tomie, unapeleka wapi bakuli? Usimwage! Lete hapa. Sayo alipanda kwa mkono wake... nitaumaliza wote. Kijiko... kidogo kidogo.

Shigeru, usilie, baba. Njoo unilishe wewe.

Ni mtamu.