Gunia Lililopiga Chafya Kwenye Lori

Kamwene, ndugu zangu! Naona mnacheka, Mnyakyusa kaamkia Kihehe. Nimehamia kwenu, sina budi kujifunza.

Mnaniona nimejifunga kanga vizuri, mnadhani niko kamili. Upande huu wa kushoto hakuna titi. Walilikata. Msishike midomo, wamama! Lenyewe limekwenda, mimi nimebaki, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Ilianza na kitu kigumu kama punje ya harage. Nikasema ni maziwa yameganda, nikawa nakanda kwa maji ya moto. Wapi! Likazidi kukua, mpaka nikaenda Mbeya mjini. Daktari akasema jina lake kansa. Akanilaza, akakata. Nikadhani tumemalizana, kumbe ndiyo kwanza tunaanza. "Kila Jumatano uje," akaniambia. "Nisafishe kidonda, nikupapase. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi."

Kila Jumatano! Ndugu zangu, nawaambia, kisu cha daktari nilikivumilia. Kilichonishinda ni nyumbani. Narudi jioni mkono umekakamaa, nakuta mbuzi wamekula maharage niliyoanika. Kuni mbichi, moshi mtupu. Watoto wamelala bila kunawa miguu. Na baba watoto, mtu mwema sana yule, msimcheke, kasimama mlangoni ananiuliza, "Mama, chumvi iko wapi?"

Chumvi! Tangu anioe chumvi inakaa pale pale, kwenye kibuyu juu ya mafiga. Haijawahi kuhama! Siku moja nilikaa chini nikalia kwa ajili ya chumvi, na titi lenyewe sikulililia hivyo. Nikaanza kusema moyoni, safari hizi zinaniharibia nyumba. Kidonda kimeshafunga. Nikiacha kwenda, kuna nini?

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo, maana nyie Wahehe mna yenu. Kwetu Tukuyu mke hamtazami baba mkwe wake. Hata sauti yake ukiisikia njiani, unaingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite. Si ugomvi, ni heshima. Nimeishi kwenye ndoa miaka na miaka, nazunguka shamba zima kwenda kisimani kwa sababu njia fupi inapita mlangoni kwake.

Basi, Jumatano moja niko barabarani nangoja lori la kahawa, ndilo gari letu la kwenda mjini. Likasimama. Nimeshika ubao nipande, nikasikia mtu anakohoa juu. Mungu wangu! Kikohozi cha baba mkwe! Kumbe anapeleka ndizi zake sokoni. Kufumba na kufumbua niko ndani ya migomba, nimejifunika gubigubi.

Dereva, mtu wa pwani, hakuelewa kitu. "We mama, unapanda au hupandi? Umeona simba?" Abiria wenzangu wao walielewa. Na mimi mle migombani, niseme kweli, nilifurahi. Nimepata sababu. Nitarudi nyumbani nikafukuze mbuzi wangu, na hospitali basi tena.

Ndipo nikasikia sauti ya mzee. Haongei na mimi, anaongea na dereva. "Mwambie huyo mwenye safari ya hospitali apande. Humu hakuna mtu. Kuna magunia tu."

Nikachungulia kwa jicho moja. Baba mkwe, mzee anayeheshimika kijiji kizima, amejivika gunia la kahawa kichwani mpaka magotini, amejikunyata pembeni. Jamani! Nilipanda, nikakaa nyuma kabisa, nikampa mgongo. Tulipopita kule juu mlimani kwenye baridi na vumbi, gunia likapiga chafya. Gari zima hakuna aliyethubutu kucheka.

Siku hiyo hiyo daktari alinipapasa kwapani. Akarudia. Kilikuwepo kivimbe kingine, kidogo, mimi mwenyewe sikukijua. Wakakitoa. Baadaye akaniambia, "Mama, ungekaa nyumbani ukaja baada ya mavuno, nisingekuwa na la kukufanyia."

Mnasikia? Siku ile niliyotaka kurudi!

Tangu hapo kila Jumatano nikipanda lori nakuta gunia limekaa pembeni, ndizi ziwepo zisiwepo. Lilikuwa linahakikisha nimepanda. Na mzee akamtuma mama mkwe kwa mwanawe: "Kamwambie ajue chumvi inakaa wapi." Ndugu zangu, alijua! Chumvi, kuni, mbuzi, vyote. Mume wangu leo anasonga ugali, yule pale nyuma anajificha. Inuka wakuone, baba!

Kabla hatujahamia huku, daktari aliniambia nisije tena kila wiki. Mara moja moja tu, kuangalia. Na mkono huu uliokuwa hauinuki, tazameni! Juu kabisa! Pigeni vigelegele, mnangoja nini?

Namshukuru Mungu. Nawashukuru daktari, dereva aliyekuwa ananingoja huku akinung'unika, na majirani waliofungia mbuzi wangu. Kwako wewe mgonjwa uliyekaa hapo unasema nyumba itaharibika, nenda. Maharage yatapandwa mengine.

Na baba mkwe? Hajafa, yuko Tukuyu. Mpaka leo sijauona uso wake. Nikipishana naye sokoni hapa Iringa, kwa sura sitamjua. Ninachokijua ni kikohozi chake na miguu yake tu, ilikuwa inatokeza chini ya gunia, imepasuka kwa baridi. Kumshukuru ana kwa ana siruhusiwi, kwa hiyo namshukuria hapa mbele yenu, nimegeukia upande wa kwetu.

Ndaga fijo, baba. Asante sana. Mkweo mzima.