Uso wa Lupeti, Mpiga Tarumbeta wa Vava'u

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Lupeti Mahe, mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa hapa kisiwani Vava'u, tuliyemzika Jumamosi. Mtu yule alipopuliza, hata mbwa walinyamaza.

Asubuhi moja, miaka mingi iliyopita, alikunywa chai ikamchuruzika kidevuni. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umelala. Jicho halifumbiki, paji halikunjiki, mdomo umekwenda kombo. Akajaribu tarumbeta: upepo mtupu. Akalia, na hakuona haya kulisimulia hilo.

Kaka yake, Siosaia, akaamua kama tulivyozoea kuamini huku kwetu: mzizi umetoboa fuvu la babu kaburini, ndiyo maana mjukuu anaumwa uso. Yeye na ndugu wakachukua majembe, wakafukue kaburi na kuung'oa. Mke wa Lupeti, Seini, akasimama mlangoni.

"Shemeji, babu yenu hana haraka, mtamkuta," akamwambia. "Mwenye haraka ni mume wangu!"

"Unawadharau wazee wetu, Seini?"

"Nawaheshimu. Fukueni tukirudi. Nipisheni!"

Hospitalini daktari alimtaka ainue mikono, aseme, akunje paji. Mikono sawa, maneno sawa. Paji la upande ule halikucheza kabisa. Si kiharusi, akasema, kwani kiharusi kwa kawaida huliacha paji likikunjika; ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba. Mmefanya vizuri kuja leo hii.

Wasikilizaji, shikeni hapo: leo hii. Dawa ya uvimbe hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu. Na jicho lisilofumba hutiwa matone mchana, usiku hufungwa kwa plasta, lisije likakauka na kuharibika.

Jumapili Lupeti alikwenda kanisani na uso wake vilevile. Akaongoza bendi kwa mikono, udenda ukimtoka, anajifuta na leso.

"Nilimwambia abaki nyumbani," anasema Seini. "Akanijibu, 'Waache wanione, mke wangu, wapate kujua.'"

Nampenda mtu wa namna hiyo! Baada ya miezi kadhaa sauti ya tarumbeta ikarudi, kwanza mbaya kama mbuzi anayekabwa, na kanisa zima likashangilia. Tangu hapo, kila alipokaa na wenzake kunywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, aliwaambia: "Uso ukianguka, msibahatishe. Hospitali kwanza."

Mwezi uliopita jirani yake, Kalolaine, aliamka mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Wanawe, waliokwisha kumsikia Lupeti kwenye kava, wakamkimbiza hospitali. Kwake kilikuwa kiharusi kweli, na aliwahiwa.

Poleni Seini, Siosaia na bendi nzima. Nasi tujiulize: uso wa mtu wetu ukianguka kesho, tutakimbilia wapi? Kalolaine alikaa mbele kabisa mazishini, analia. "Bila maneno yake," akasema, "leo angekuwa amekuja kunizika mimi."