Nadima Jiryes, Mwenyeji wa Ain Luz

Baba Paroko, ndugu, jamaa na majirani.

Marehemu Nadima Jiryes Khalaf alizaliwa tarehe 14 Septemba 1956, Sikukuu ya Msalaba, katika kijiji chetu cha Ain Luz, kusini mwa Karak. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Jiryes Khalaf, mkulima wa zeituni, na marehemu mama yetu, Tamam. Mimi, Ayub, ni mdogo wake. Mama alijifungulia jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Jiko lile lipo hadi leo. Watalii hununua sabuni humo.

Alisoma shule ya parokia hapa kijijini, kisha chuo cha ualimu mjini Amman, akahitimu mwaka 1977. Alirudi kufundisha historia katika shule ile ile aliyosomea. Siku moja mkaguzi alileta ramani mpya isiyo na Ain Luz. Nadima alimwomba kalamu, akakiandika kijiji mahali pake mbele ya darasa zima, akamrudishia kalamu yake. Jamaa wengine wameniomba niseme marehemu alikuwa mpole. Samahani. Wanafunzi wake wamejaa hapa, na mimi sitadanganya mbele ya jeneza lake.

Tarehe 20 Julai 1980 alifunga ndoa na Bwana Farah Mitri, dereva wa lori, katika kanisa hili. Siku ya harusi wapishi walikosea mansafu, ule wali wetu wa sherehe wenye nyama na mchuzi wa mtindi: mtindi mkavu wa kondoo haukulowekwa vya kutosha, mchuzi ukawa chumvi tupu. Bibi harusi aliinuka kitini, akaingia jikoni na shela lake, na sauti yake ikasikika hadi uwanjani. Shemeji Farah husema, "Wenzangu waliwajua wake zao baada ya mwaka. Mimi nilimjua wangu kabla ya chakula." Mungu aliwajalia watoto wawili, Bishara na Hala.

Mwaka 1995 ilikuja kampuni ya hoteli. Iliwaambia wazee wetu waipangishe nyumba za mawe, izikarabati, na wao wahamie nyumba za saruji kule chini barabarani. Kanisa na makaburi vingebaki wazi kwa wenyeji wakati wowote. Wazee waliamini. Ukuta ulipokamilika, kanisa na makaburi vilikuwa ndani, sisi tukiwa nje.

Nadima alichukua leseni ya kuongoza watalii, na kampuni ikamwajiri. Kazi hiyo aliipenda kweli, na watu wasiseme vinginevyo. Aliwaanzisha wageni kwenye kinu cha zeituni, akawapeleka kwenye sakafu ya kanisa yenye picha za vijiwe, akawaketisha chini wakande unga na kuoka mkate kwenye mawe ya moto. Kila mlango aliutaja kwa jina la mwenyewe. Hotelini walipoanza kupikia mansafu mtindi wa kopo, aliwaambia wageni wake mezani, "Wekeni vijiko chini, twendeni kwangu mkale chakula." Wakamfuata wote.

Kisha kampuni ikaandika maneno mapya ambayo kila kiongozi wa msafara alitakiwa kuyasema: kwamba Ain Luz ilihamwa zamani kwa sababu ya ukame, na waliokuwa wakiishi hapa hawajulikani.

Hawajulikani! Walikuwa chini barabarani wakianika nguo.

Siku moja ya Aprili, mwaka 2006, alisimama na kundi la wageni katika jiko lile alilozaliwa. Meneja alikuwa mlangoni akimsikiliza. Hala, aliyekuwa akimsaidia mama yake siku hiyo, ndiye aliyetusimulia.

"Mimi nimezaliwa hapa mlipokanyaga," Nadima aliwaambia. "Mama yangu yuko hai, anaishi kwa mwendo wa kuteremka mlima. Tumewekwa nje."

Meneja akaingilia. "Mama Bishara, hawa wako likizo. Usiwaharibie."

"Likizo yao iko jikoni kwa mama yangu. Wewe ndiye unayeniharibia."

"Sema kilichoandikwa au vua beji."

Aliivua, akaitia kwenye kikapu cha sabuni.

Baada ya hapo aliongoza watu kwa nje. Alisimama barabarani, akawazungusha wageni kando ya ukuta, akiwaonyesha mapaa na kuwatajia wenye nyumba, kisha akawalisha nyumbani kwake. Leseni yake haikuhuishwa tena. Alishtakiwa kwa usumbufu, akaonywa, akarudi kesho yake. Mama yetu alipofariki mwaka 2009, tuliambiwa tumpitishe lango la nyuma, kwenye mapipa ya taka, alfajiri, kabla wageni hawajaamka. Tukapita. Nadima hakutusemesha, sisi ndugu zake wa kiume, hadi Pasaka.

Mwaka 2017 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Amman, akapata nafuu, ikamrudia. Wodini alimfokea daktari aliyezungumza na Farah juu ya ugonjwa wake badala ya kuzungumza naye mwenyewe. Alifariki nyumbani, Jumanne, tarehe 5 Novemba 2019, Farah akiwa amemshika mkono.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Yametokea asubuhi hii, na mliokuwa nyuma ya msafara hamkuyaona.

Tulifika na jeneza lango kuu. Mlinzi, Atallah, mwanafunzi wake wa zamani, alitoka machozi yakimlengalenga. "Mjomba Farah, nimekatazwa. Wamesema lango la nyuma."

Farah akasema, "Wanangu, shusheni." Wakamlaza Nadima katikati ya lango. Basi la watalii likasimama upande wa ndani, lisiweze kutoka.

Meneja mpya alikuja mbio. "Wazee wangu, tafadhali, kuna wageni. Hii si picha nzuri."

Hala akamjibu, "Mgeni ni wewe. Tangu lini mwenyeji akaomba njia?"

Meneja akamgeukia Atallah. "Waondoe!"

Atallah akavua kofia ya kampuni, akaiweka chini, akaliinua jeneza begani pamoja na Bishara na wenzake. Ndipo tukapita, barabara ya juu, mlango kwa mlango. Kina mama wa kijiji walitaja majina ya wenye nyumba kwa sauti, na watalii walishuka basini. Mmoja aliinua simu kupiga picha. Mwenzake akamshusha mkono.

Marehemu ameacha mume, Bwana Farah Mitri, watoto, Bishara na Hala, wajukuu wanne, sisi ndugu zake, Ayub na Khalil, na wenyeji wa Ain Luz, ambao baada ya mazishi haya wataambiwa watoke na lango lifungwe nyuma yao.

Nadima, pumzika kwa amani. Umechoka, na ni haki yako. Sisi hatutoki leo.