Konstebo Aliyekataa Tepe Zake

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele za sufuria kidogo. Leo tunamkumbuka askari. Najua, kuna walioshakunja uso. Kunjueni. Huyu alikuwa Mama Kiti.

Mama Kiti alianza kazi ya polisi akiwa pilipili kichaa. Mdogo wake anasema, "Dada alikuwa hivi: umkanyage, umkanyagie na kivuli chake, yote utayalipia."

Mwaka wake wa kwanza kaunta ya kituo, kijana mmoja aliingia akifoka. Mama Kiti akamzaba kibao. Kumbe kijana alikuwa anafoka kwa sababu mama yake yuko nje ya mlango, ameporwa, anavuja damu. Sajenti wa zamu, mtu mzima, hakumgombeza. Alimsogezea kiti.

"Binti, hasira ikipanda, wewe shuka. Mtu aliyekaa hapigi vizuri."

Basi, kuanzia hapo, akitukanwa, anakaa. Akitemewa mate, anafuta, anakaa. Wenzake wakamtania, "Afande, umechoka au una mimba?"

"Nina mimba ya busara. Subiri nijifungue, nikugawie."

Miaka ikaenda. Kaunta ikamfunza kwamba anayefoka sana, mara nyingi ndiye mwenye hofu kubwa zaidi. Akapanda cheo, akawa sajenti. Tepe tatu begani.

Ndipo ikaja siku ya wachuuzi. Walikuwa wamebomolewa vibanda, wakafurika getini kwa mawe na matusi. Jiwe likampata askari mmoja chini ya jicho. Vijana wa Mama Kiti wakainua virungu. Mkuu wa kituo akaamuru, "Sajenti, wapigeni, watawanyike."

Mama Kiti akawatazama vijana wake. Aliijua ile mikono. Iliwahi kuwa yake.

"Kaeni chini," akawaambia.

Wakakaa. Kikosi kizima, makalio vumbini. Mawe yakasita. Mchuuzi mmoja wa nyanya, kiuno kimefungwa kanga, akauliza, "Nyie mmekuja kutupiga au mnasubiri chai?"

"Ukiwa nayo, lete," Mama Kiti akamjibu. "Kisha uniambie kibanda chako kilikuwa wapi."

Watu wakacheka. Wakaanza kusema. Hakuna aliyepigwa, wasikilizaji. Hata mmoja.

Mkuu akamvua tepe zote tatu kwa kukaidi amri. Kisha akamwita: omba radhi, sema ulikosea, utarudishiwa.

"Nikisema nilikosea, afande, wale vijana kesho watapiga."

Hakuomba. Alistaafu konstebo. Mumewe alimsihi, "Mke wangu, neno moja tu." Akamwambia, "Baba watoto, hilo moja ndilo sina."

Juzi, msibani kwake, afisa wa polisi alifika na tepe tatu mpya, zishonwe kwenye sare ya kumzikia. Binti yake mkubwa akazipokea, akazigeuza-geuza.

"Afande, asante. Na neno kwamba mama hakukosea, mmelileta?"

Afisa akasema alitumwa tepe tu.

"Basi zirudi zilikotoka. Mama atazikwa konstebo."

Na akazikwa konstebo.

Kwa mume, kwa watoto, kwa mdogo wake: poleni sana. Tunalia nanyi. Na wewe unayenisikiliza, mwenye rungu, mwenye fimbo, hata mwenye ulimi tu: amri ya kupiga ikija leo, na mkono umeshapanda, nani anautawala? Aliyekuamuru, au wewe?